Mkono wa Handaki la Tisa

Usiku wa jana niliota nimesimama nyuma ya mlango wa nyumba yetu pale Korogwe, nimeshika kiroba, na kiroba kinaniuliza kama nina uhakika.

"Uhakika wa nini?" nikakiuliza.

"Wa kunitoa," kikasema kiroba. "Bonyeza Ndiyo au Hapana."

Ngoja kwanza nieleze habari ya hicho kiroba, maana hicho si cha ndotoni, kipo kweli. Juzi nilimnunulia kaka yangu Mhina mashine mpya ya gemu. Ndani yake kuna Handaki Tisa, gemu tuliyoicheza tangu utotoni. Mwanajeshi anashuka mahandaki tisa, anapiga mazimwi risasi, basi, hakuna hadithi nyingine. Hii mpya ni ileile imetengenezwa upya. Muuzaji aliniapia. "Ni ileile, dada," alisema, "ila hii imeoga."

Ile ya zamani, na kaseti yake, na padi yake iliyofutika herufi, niliifunga kwenye kiroba cha sukari nikaiegemeza nyuma ya mlango. Mnunuzi wa chuma chakavu alisema atapita asubuhi.

Mhina aliicheza ile mpya dakika tano. Akasema, "Nzuri. Inang'aa." Akaweka padi mezani, akatoka nje kwenda kuwaangalia kuku.

Hatuna kuku. Wa mwisho tulimchinja Idi iliyopita.

Na jambo jingine ulijue mapema. Mhina hana mkono wa kulia. Uliondoka miaka minne iliyopita kwenye korona, mashine ile ya kuchakata mkonge kule kiwandani, na uliondoka na pete yake ya shaba aliyoichonga mwenyewe kutoka kwenye nati. Pete haikuonekana tena. Hataki pole za watu. Ukimuuliza mkono uko wapi atakwambia, "Umehamia kwenye gemu," kwa sababu katika Handaki Tisa ya zamani humwoni mwanajeshi. Unaona mkono wake wa kulia tu, pale chini ya kioo, umeshika bunduki. Watu hucheka, wanaacha kuuliza, naye anapata anachotaka.

Haya, turudi ndotoni.

Nataka kubonyeza Hapana lakini sioni kitufe, kwa hiyo nabonyeza goti langu. Kiroba kinafunguka. Mlango wa nyumba unageuka mlango wa chuma wa handaki la kwanza, ule wa bluu, unapanda juu kwa sauti ya mzee anayekohoa. Naingia na kanga zangu.

Ndani kuna zimwi. Jekundu, limechorwa kwa vidoti vikubwa, unaweza kuvihesabu. Naenda kushoto, linanitazama. Naenda kulia, linanitazama. Nalizunguka zima zima, bado uso uko kwangu.

"Usijisumbue," likasema. "Sina mgongo."

"Umeupeleka wapi?"

"Sikuwahi kuwa nao. Walinichora mbele tu. Mashine ilikuwa na nafasi ndogo."

Mimi ni fundi cherehani, nikalielewa mara moja. Nimeshona magauni ya harusi yaliyokuwa satini mbele na bitana nyuma, na bibi harusi akaambiwa asigeuke.

"Na hukuumia moyo?"

"Moyo wa nini? Miaka yote hiyo, nani aliyewahi kunipiga kisogo?" Likabadilisha mguu wa kusimamia. "Walipotengeneza toleo jipya la kwanza wakanipa mgongo. Tangu siku hiyo naumwa mgongo. Toleo la pili wakanipa na mama. Sasa mtu akitaka kunipiga risasi, sharti kwanza asome barua ya mama yangu. Kurasa nne. Watu wanalia, mimi nimesimama tu, mguu unakufa ganzi."

Nikaliambia pole. Likasema halina haja ya pole, lina haja ya kupigwa risasi kwa wakati.

"Wewe unamtafuta Mkono," likasema. "Umechelewa. Ameitwa Ofisi ya Usasishaji. Saa nane mchana anafutwa."

"Nani kaamua?"

Likanitolea fomu. Chini kabisa pana jina langu, Sauda, na alama ya dole gumba langu, na neno KUBALI. Nikakumbuka. Juzi, wakati wa kuwasha ile mashine mpya, lilitokea andiko refu kama mirathi, nami nikabonyeza Kubali bila kusoma, kama kila mtu aliye hai.

"Sikusoma," nikasema.

"Hakuna aliyesoma," likasema zimwi. "Hata aliyeandika hakusoma."

Nikakunja kanga nikaondoka. Handaki la pili limekuwa korido ya ofisi, sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa dawa ya kung'arisha. Mbele yangu pamelala mshale wa njano.

"Nenda hapa," ukasema mshale.

"Naijua njia. Nimepita humu tangu nina miaka kumi."

"Nenda hapa."

"Nimesema naijua."

"Umesimama sekunde kumi bila kusogea," ukasema. "Unahitaji msaada?"

Nikauruka. Ukajichora tena mbele yangu. Nikauruka tena. Tulikwenda hivyo mpaka mlangoni, mimi naruka na wenyewe unanionesha mlango ambao ulikuwa mmoja tu.

Ndani wamekaa wawili nyuma ya meza. Wa kwanza ni Toleo la Kwanza. Kila kitu chake kimelowa na kinameremeta, uso, meza, mafaili, hata kalamu inaakisi taa. Wa pili ni Toleo la Pili, mwanamume wa ndevu na macho ya msiba, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kupakua magunia. Na pale kwenye benchi la wanaosubiri, kama mgonjwa aliyefika mapema zahanati, amekaa Mkono. Peke yake, kuanzia kiwiko, na bunduki yake. Kwenye kidole cha pete kuna pete ya shaba ya pembe sita.

Ule ni mkono wa kaka yangu, na ni mkubwa wangu. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba, Sauda," ukasema Mkono. "Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo. Kumbe unaongea?"

"Hapana," ukasema.

Toleo la Kwanza akagonga meza, maji yakaruka. "Dada, tusipotezeane muda. Sisi hatuna ubaya na mzee huyu. Sisi ndio yeye. Tumemwongezea tu."

"Mmemwongezea nini?"

"Mwili," akasema. "Magoti. Anapiga magoti, anapanda ukuta, anageuka. Na anaangalia juu na chini. Huyu hapa hajawahi kuangalia juu maisha yake yote."

Ni kweli, sikatai. Katika Handaki Tisa ya zamani hakuna juu wala chini. Zimwi likikaa roshani, wewe unaelekea mbele, unapiga, risasi inapanda yenyewe.

"Risasi ilikuwa na akili zake," nikasema. "Haikuhitaji kuoneshwa."

"Watu wanataka uhalisia," akasema Toleo la Pili kwa sauti nzito. "Wanataka kujua mwanajeshi ana maumivu gani. Mimi, kwa mfano, nilipokuwa na miaka sita—"

"Baadaye," akasema mwenzake. Akanisogezea padi mpya, nayo inachuruzika. "Tazama ilivyo rahisi. Kijiti cha kushoto, unatembea. Kijiti cha kulia, unaangalia."

Hapo nikasimama.

"Rudia," nikasema.

"Cha kushoto, unatembea. Cha kulia, unaangalia."

"Kwa wakati mmoja?"

"Kwa wakati mmoja."

"Na mwenye mkono mmoja?"

Wakatazamana. Toleo la Kwanza akafungua faili, akakuta kurasa zimegandana kwa unyevu.

"Achague," akasema Toleo la Pili. "Atembee bila kuona, au aone bila kutembea."

Ndipo nikawaelewa wale kuku.

Ile padi ya zamani Mhina huibana pajani, kidole gumba cha kushoto kinatembea, kidole cha shahada kinafyatua kwenye kitufe cha juu, kwisha kazi. Miaka minne amecheza hivyo, na jioni zote hizo nilikuwa nimekaa pembeni nikishona vifungo, namwona, na sikuona. Nikamnunulia kitu kizuri kisichomtaka. Naye hakusema, kwa sababu nilikuwa nimefurahi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Halafu aibu ikageuka hasira, na hasira mimi naijua zaidi kuitumia.

"Huyu hafutwi," nikasema.

"Dada," akasema Toleo la Kwanza kwa upole wa kiofisi, "wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana."

"Mimi sikuja kulea mwana. Nimekuja kucheza gemu. Na wahenga haohao walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, hiyo mmeiweka faili gani?"

Hawakuwa na faili hiyo. Toleo la Pili akasimama, akaonesha ukutani, na ukuta umekuwa ukuta wa mabati wa kibanda cha gemu cha Mama Chausiku, tulikokulia mimi na Mhina. Sheria iko palepale, kwa mkaa, kwa mwandiko wa Mama Chausiku mwenyewe: UKIFA UNAPISHA. Ukifa kwenye gemu unampa padi anayefuata, hata kama ni mdogo wako, hata kama unalia. Kibanda kizima kiliishi kwa sheria hiyo moja na sijawahi kuona mtu akiivunja.

"Sheria ni yenu," akasema. "Mzee amekufa. Apishe."

"Amekufa lini? Nani alimwona?"

Wakapekua mafaili, hakuna aliyemwona.

"Basi hajafa. Na asiyekufa hapishi mtu. Niwekeeni mahandaki yote tisa. Mimi na wewe, mwanzo mpaka mwisho. Nikifa, mfuteni. Nikifika kabla yako, hamumgusi yeye wala kaseti yake."

"Na utacheza kwa mikono mingapi?" akauliza Toleo la Kwanza, kalamu tayari.

"Mmoja. Wa kushoto."

Nikauvua mkono wangu wa kulia, nikaukabidhi mapokezi, nikapewa kibao namba kumi na nne. Mkono wa kaka ukaja ukakaa chini ya macho yangu, upande wa kulia, mahali pake pa siku zote. Kwenye kona ya jicho ikawaka namba mia moja, ndiyo afya yangu.

Tunaanza. Mawili ya kwanza nayapita mbio. Handaki la tatu ni chumba changu cha kushonea, mazimwi yamekaa kwenye cherehani. Napiga, yanaanguka kwa uso kwa sababu mgongo wa kuangukia hayana. Handaki la nne ni handaki la nne. La tano ni uwanja wa shule, na mwalimu wa zamu ni zimwi, ananiuliza kwa nini nimechelewa. Namwambia foleni. Ananipunguzia kumi.

Toleo la Pili yuko nyuma yangu. Kila mlango anasimama, anaweka kiganja ukutani, anakumbuka utoto wake. Nasikia, "Nilipokuwa na miaka saba, baba alinipeleka mtoni," na maji ya huo mto yanaanza kujaa korido. Lakini ana miguu mirefu, na utoto wake una sehemu fupi fupi. Ananikaribia.

Kwa hiyo nakimbia kikaa.

Hii ilikuwa siri ya Mhina. Ukibonyeza mbele na pembeni pamoja, yule mwanajeshi anakwenda upande upande kama kaa, na anakuwa mwepesi kuliko anavyopaswa kuwa. Walioitengeneza gemu walikosea hesabu na hawakujua. Mhina aliigundua akiwa na miaka kumi na mbili, na kwa wiki nzima hakuna aliyeshika padi kwa Mama Chausiku isipokuwa yeye, maana alikataa kufa.

"Hilo ni kosa!" akaita Toleo la Pili. "Tulilirekebisha!"

"Mlirekebisha nini? Kaa mwenyewe hajalalamika."

Nikapita handaki la sita, la saba, la nane, bega mbele, kanga zikipepea kando. Afya yangu arobaini. Kisha ishirini na mbili, nilipojigonga kwenye mshale wa njano ulioamua kunisaidia.

Handaki la tisa lina mlango mmoja tu, nao unafunguka kwenye shamba la mkonge. Mistari imenyooka mpaka milimani. Katikati ya shamba, juu ya ngazi za saruji, imekaa korona. Inatafuna majani, inatema nyuzi nyeupe, inatafuna. Iko juu sana, na mimi siwezi kuinua shingo. Naiona kwa kivuli chake.

"Karibu," ikasema korona. "Mkono upi?"

"Hupati mkono."

"Wote husema hivyo. Mkono upi?"

Meno yake yakanipiga upepo. Afya yangu ikawa saba. Mkono wa kaka ukatulia pale chini ya macho yangu. Ule ulishakutana nayo.

"Elekea mbele tu, Sauda," ukasema. "Usihangaike na juu."

Nikaelekea mbele. Mbele yangu hakuna kitu, ukuta wa ngazi tu. Nikafyatua kwa kidole cha shahada cha kushoto. Risasi ikaenda kidogo, ikafikiri, ikapanda ngazi moja moja, ikaingia.

Korona ikapunguza mwendo. Ikatema uzi wa mwisho.

"Sikuwa na ubaya naye," ikasema. "Nilikuwa na mwendo tu."

"Najua," nikasema. "Zimika."

Ikazimika. Kukawa na ukimya ambao watu wa kiwandani huusikia mara moja kwa mwaka, mashine zote zikisimama. Nikakaa chini katikati ya mkonge, nikalia kidogo, kisha nikajifuta na kanga kwa sababu nilikuwa nasubiri mtu.

Toleo la Pili akafika, amelowa mpaka kiunoni kwa mto wake mwenyewe. Utoto wake alikuwa ameufikisha miaka tisa.

"Nipishe?" akauliza.

"Sijafa."

Akasoma ile namba saba kwenye kona ya jicho langu. Akaisoma tena. Kisha akakaa chini, na kwa mara ya kwanza akapumua kama watu.

Hapo likatokea andiko refu angani, na chini yake KUBALI. Nikabonyeza Hapana. Likatokea tena. Nikabonyeza Hapana. Lilitokea mara nyingi kuliko wageni wa harusi, na kila mara nikalibonyezea Hapana, mpaka dole gumba likavimba, mpaka andiko lenyewe likasema basi, yaishe.

Mkono ukaniaga kwa kunishika bega. "Mwambie Mhina asinitafute," ukasema. "Niko kazini. Na pete nimeitunza."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Ukimwambia atakucheka. Mwekee tu gemu."

Nikarudi mapokezi kuuchukua mkono wangu wa kulia. Kibao namba kumi na nne nilikuwa nimekipoteza, na korido zote zimefanana. Nikasimama sekunde kumi.

"Nenda hapa," ukasema mshale wa njano.

Safari hii nikaufuata.

Nikaamka nimelalia mkono wa kulia, umekufa ganzi mpaka begani. Jua limeshaingia dirishani. Nje mtu anagonga geti na kipande cha nondo.

"Hodi! Chuma chakavu!"

"Hakuna kichakavu humu ndani," nikamjibu kupitia dirishani.

"Dada, si ulisema nije leo?"

"Nilisema. Sasa nasema hivi. Nenda salama, kaka."

Akaenda akinung'unika, ni haki yake. Nikakifungua kiroba. Nikazichomeka zile waya tatu za rangi nyuma ya TV, nikaipuliza kaseti mdomoni kama tulivyofundishwa na Mama Chausiku, pumzi mbili ndefu na moja fupi, nikawasha. Mlango wa bluu ukapanda, ukakohoa.

Mhina akatoka chumbani kwake, kikombe cha chai mkononi. Akaitazama mashine. Akanitazama mimi, nimekaa sakafuni na nywele zimesimama.

"Umeirudisha," akasema.

"Nimeirudisha. Na kuku wako hawajambo."

Mhina alikuwa anakitazama kioo. Nami nikakitazama. Ule mkono wa chini tunaujua sote wawili, tumeishi nao miaka ishirini na zaidi. Ni vidoti vya kahawia na bunduki ya kijivu, hakuna zaidi. Leo kwenye kidole cha pete kulikuwa na kidoti kimoja cha njano.

Mhina akaweka kikombe chini. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akakisugua kile kidoti kwa kidole gumba, akidhani ni vumbi. Hakikutoka.

Akakaa. Akaibana padi pajani.

"Ukifa unapisha," nikamwambia.

"Leo sifi," akasema.

Nikavuta mto nikakaa karibu yake kungoja zamu yangu. Mpaka naandika haya, sijaipata.